Mbwa wanaowasaidia wagonjwa: wanafanya nini, na wewe usiye naye ufanye nini?

Vijijini kwetu mbwa ana kazi zake zinazojulikana. Analinda boma usiku, anakwenda na vijana machungani, anafukuza nyani shambani. Jioni anatupiwa ugali uliobaki, na ndani ya nyumba haingii. Kwa hiyo msikilizaji anaposikia kwamba ziko nchi ambako mbwa hupanda basi pamoja na mgonjwa, huingia naye hospitali na hulala kando ya kitanda chake, lazima ashangae. Wengine hucheka.

Lakini tukitazama kwa nini mbwa hao walifundishwa, kicheko kinapungua. Mama mwenye kifafa anapika peke yake kwenye mafiga. Mzee mwenye kisukari analala chumbani peke yake baada ya kuchoma sindano ya insulini. Wote wawili wana hofu moja: nikianguka, nani atajua? Mbwa msaidizi ni jibu mojawapo la swali hilo.

Katika makala hii tunaeleza mbwa hawa wanafanya kazi gani, sayansi inasema nini, na wapi uwezo wao unaishia. Mwishoni tunaeleza jambo la kufanya kwa familia isiyo na mbwa wa aina hiyo, yaani familia nyingi zaidi za wasikilizaji wetu.

Mbwa msaidizi ni mbwa gani?

Mbwa msaidizi si mbwa wa kufuga kwa mapenzi tu. Ni mbwa aliyefundishwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mmoja mwenye ulemavu au ugonjwa. Kazi hiyo lazima ihusiane na tatizo la mtu huyo.

Yuko mbwa anayemwongoza asiyeona. Yuko anayemgusa kiziwi mguuni pale mtoto anapolia au mtu anapobisha hodi, kisha humpeleka kwenye sauti. Yuko anayemwokotea vitu mtu wa kiti cha magurudumu, humfungulia mlango kwa kuvuta kamba, na humletea simu iliyoanguka. Na wako wanaomtahadharisha mwenye kisukari kwamba sukari inashuka, au wanaokaa na mwenye kifafa wakati ameanguka.

Ilianzaje?

Kazi hii ilianza na wasioona. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi wa Ujerumani walipofuka kwa gesi ya sumu na mabomu. Mwaka 1916 daktari Gerhard Stalling alifungua shule katika mji wa Oldenburg kuwafundisha mbwa wa kuwaongoza askari hao. Ndiyo inayohesabiwa kuwa shule ya kwanza ya aina yake duniani.

Kutoka hapo habari zilisambaa. Mwaka 1927 mama wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, aliandika gazetini habari za mbwa wa Ujerumani. Kijana asiyeona wa Marekani, Morris Frank, alisomewa makala hiyo na baba yake, akaandika barua kuomba mbwa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Uswisi, akafundishwa pamoja na mbwa aliyempa jina la Buddy. Aliporudi nyumbani alivuka naye barabara zenye magari mengi za New York mbele ya waandishi wa habari. Mwaka uliofuata, 1929, shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa.

Barani Afrika, chama cha mbwa waongozaji cha Afrika Kusini kilianzishwa mwaka 1953 na Gladys Evans, mama asiyeona aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza na mbwa wake.

Watu wengi hudhani mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Mwenye kujua njia ni mtu. Yeye ndiye anayesema twende kulia au kushoto, na yeye ndiye anayesikiliza magari na kuamua kuvuka. Kazi ya mbwa ni kukwepa shimo, nguzo, tawi lililoinama na baiskeli. Ila lipo jambo moja ambalo mbwa hufundishwa kwa bidii kubwa: kukataa amri. Bwana wake akisema tuvuke, na mbwa anaona gari linakuja, mbwa anasimama pale pale. Huo ni ukaidi unaookoa maisha.

Siri iko puani

Kwa asiyeona, mbwa hutumia macho. Kwa mwenye kisukari au kifafa, hutumia pua.

Pua ya binadamu ina seli za kunusia zinazokadiriwa kuwa milioni 5 au 6. Pua ya mbwa inazo zaidi ya milioni 200, kutegemea aina ya mbwa. Tena, sehemu ya ubongo wa mbwa inayoshughulika na harufu ni kubwa zaidi kuliko yetu ukilinganisha na ukubwa wa ubongo wenyewe. Ndiyo maana mwindaji haoni wala hanusi kitu, lakini mbwa wake amekwisha jua digidigi alipita wapi.

Ugonjwa nao una harufu. Mwili unapobadilika kwa ndani, kemikali ndogo ndogo hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Wauguzi wa zamani walijua kwamba mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hutoa pumzi inayonukia kama matunda yaliyoiva sana. Mbwa hunusa mambo madogo kuliko hayo.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la mbwa waliofundishwa kunusa mkojo wa watu wenye saratani ya kibofu. Kila mbwa aliwekewa sampuli 7, moja tu ikiwa ya mgonjwa. Kwa kubahatisha wangepata mara 14 katika 100. Walipata mara 41. Si ushindi kamili, lakini ilionyesha kwamba kweli kuna kitu wanachonusa. Mmoja wa watafiti hao, Claire Guest, pamoja na daktari John Church, walianzisha mwaka 2008 shirika la Medical Detection Dogs, ambalo hadi leo hufundisha mbwa wa kunusa magonjwa.

Mbwa na kisukari

Mwenye kisukari anayetumia insulini anakabiliwa na hatari mbili. Sukari ikipanda sana kwa muda mrefu, inaharibu macho, figo na mishipa. Sukari ikishuka sana, hatari inakuja haraka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia, hata kifo. Wengine wameishi na kisukari miaka mingi hadi mwili umeacha kuwapa dalili. Hao huanguka bila kuonywa.

Mbwa wa kisukari hufundishwa kwa harufu ya jasho au pumzi iliyochukuliwa wakati sukari ya mwenyewe imeshuka. Kila akiitambua hupewa zawadi. Mwishowe, akiisikia harufu hiyo nyumbani, humgusa bwana wake kwa mguu, humlamba au humletea kifaa cha kupimia. Bwana akikataa kuamka, mbwa huenda kumwamsha mtu mwingine.

Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwapima wanawake 8 wenye kisukari wakati sukari yao ikishushwa kwa uangalizi. Waligundua kwamba kemikali iitwayo isoprini iliongezeka katika pumzi zao. Huenda hiyo ni sehemu ya kile ambacho mbwa hukinusa.

Je, wanakosea? Ndiyo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Bristol kilichapisha utafiti wa mbwa 27 waliofundishwa na kuishi na wagonjwa majumbani. Kwa wastani walitambua mara 83 katika kila mara 100 sukari iliposhuka, na mara 67 ilipopanda mno. Lakini mbwa mmoja hakufanana na mwingine. Wako waliokuwa hodari sana na wako waliokuwa wa kawaida. Utafiti mwingine wa Marekani, uliotumia mbwa wachache, ulionyesha kwamba kifaa cha kupima sukari kinachovaliwa mwilini mara nyingi kilitoa taarifa kabla ya mbwa. Kwa hiyo hata huko ulaya, mwenye mbwa bado anatakiwa apime damu yake. Mbwa anaongeza ulinzi. Hachukui nafasi ya kipimo wala ya dawa.

Mbwa na kifafa

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni mbwa anayesaidia baada ya mtu kuanguka. Huyu hufundishwa kubweka ili watu waje, kulala kando ya mgonjwa asijigonge, au kubonyeza kengele maalumu ya kuita msaada. Jambo hili linafundishika vizuri na linategemeka.

La pili ni mbwa anayeonya kabla mtu hajaanguka. Hili ni gumu zaidi. Wako mbwa ambao, baada ya kuishi na mgonjwa muda, huanza wenyewe kuhangaika dakika kadhaa kabla ya kifafa kuja. Lakini hakuna mfundishaji mwaminifu anayeweza kukuahidi kwamba mbwa fulani atafanya hivyo.

Hata hivyo sayansi imeanza kueleza. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walitumia mbwa 5 waliofundishwa Marekani. Waliwapa harufu za wagonjwa zilizochukuliwa wakati wa kifafa, baada ya mazoezi, na wakati wa kupumzika. Mbwa wote waliitambua harufu ya kifafa: watatu hawakukosa hata mara moja, na wawili walipata theluthi mbili ya majaribio. Mwaka 2021 watafiti wa Belfast nao waliwajaribu mbwa 19 wa nyumbani ambao hawakufundishwa chochote. Mbwa hao walibadilika tabia walipopewa harufu inayohusiana na kifafa. Maana yake ni kwamba kifafa kina harufu yake, na huenda harufu hiyo huanza kabla mtu hajaanguka.

Gulu: mbwa wa mitaani na majeraha ya vita

Mfano wa karibu nasi uko kaskazini mwa Uganda. Eneo la Gulu lilipitia karibu miaka 20 ya vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa LRA. Watu waliuawa, watoto walitekwa na kufanywa askari, vijiji vizima vilihamishiwa kambini. Vita vilikwisha, lakini wengi walibaki na ndoto za kutisha, hasira za ghafla na woga wa kukaa na wenzao.

Francis Okello Oloya ni mzaliwa wa huko. Akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa akilima katika shamba la nyumbani, jembe likagonga bomu lililofukiwa. Alipofuka. Katika shule ya bweni, kwenda chooni usiku ilikuwa tabu kubwa. Mbwa wa pale shuleni walimzoea, wakawa wanamsindikiza. Hakuna aliyewafundisha.

Alipokuwa mtu mzima na mwanasaikolojia, alikumbuka mbwa wale. Akaanzisha mradi wa mbwa wa faraja chini ya shirika la The BIG FIX Uganda, ambalo huendesha pia huduma za mifugo. Mbwa wanaotumika si wa kununuliwa ng'ambo. Ni mbwa koko waliookotwa, wakachanjwa, wakafungwa kizazi na kufundishwa utii. Mtu aliyeumizwa na vita hupewa mbwa, huahidi kumtunza maisha yake yote, na hufanya naye mazoezi kwa miezi kadhaa pamoja na kikundi cha wenzake, huku akipata ushauri nasaha.

Wanaofanya kazi hii wanaeleza kwamba mbwa humpa mtu sababu ya kuamka asubuhi, na humtoa ndani akutane na watu. Zipo faida nyingine kwa kijiji kizima: mbwa waliochanjwa wanaongezeka, na anayemzoea mbwa wake hujifunza kutompiga. Nchi za Magharibi nazo hutumia mbwa kwa askari waliorudi vitani wakiwa na shida kama hizo.

Pua zinazofanya kazi maabara

Wako pia wanyama wasioishi na mgonjwa ila wanasaidia kutafuta ugonjwa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa malaria uliofanywa kwa soksi. Watoto wa shule nchini Gambia walivaa soksi usiku kucha, na damu yao ikapimwa. Soksi zilipelekwa Uingereza. Kati ya soksi 175, 30 zilitoka kwa watoto wenye vimelea vya malaria ingawa hawakuonekana wagonjwa. Mbwa walitambua asilimia 70 ya soksi za wenye malaria, na asilimia 90 ya soksi za wasio nayo. Si kipimo cha kuchukua nafasi ya kile cha zahanati. Wazo ni kwamba siku moja mbwa wanaweza kusaidia kuwapata wenye vimelea wasiojijua, kwa mfano mpakani.

Na huko Morogoro, Tanzania, si mbwa bali ni panya buku. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya kunusa makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi. Sampuli anazozitilia shaka hupimwa tena maabara kabla ya mtu kuambiwa anaumwa.

Kwa nini mbwa hawa ni adimu?

Sababu ya kwanza ni muda. Mtoto wa mbwa hulelewa na familia kwa mwaka mmoja au zaidi ili azoee watu, magari na kelele. Kisha huenda shule kwa miezi mingi. Baadaye mtu na mbwa hufundishwa pamoja. Kwa jumla ni karibu miaka miwili, na si kila mbwa hufaulu. Akifaulu, hufanya kazi miaka kama 8, halafu hustaafu.

Sababu ya pili ni fedha. Marekani, gharama ya kumlea na kumfundisha mbwa mmoja hufikia makumi ya maelfu ya dola. Vyama vingi vya huko huwapa wasioona mbwa bila malipo au kwa malipo kidogo, kwa kuwa vinaendeshwa kwa michango. Lakini mbwa naye anataka chakula kizuri, chanjo na daktari wa mifugo kila mwaka.

Sababu ya tatu ni sheria. Mbwa msaidizi hana faida kama bwana wake akifukuzwa dukani. Marekani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Kwa kanuni zake, mwenye duka akiwa na shaka anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza mtu anaumwa nini. Lakini mbwa akifanya fujo na bwana wake hamzuii, anaweza kutolewa nje.

Na ukiona mtandaoni mtu anauza mbwa anayedaiwa kugundua kisukari au kifafa, shika fedha zako vizuri. Mbwa hufundishwa kwa ajili ya mtu fulani na kwa harufu ya mtu huyo. Hauzwi kama redio, ukifika nyumbani ukabonyeza na ikaanza kuimba.

Vipi kuhusu dini?

Wasikilizaji Waislamu, hasa wa Pwani, watauliza habari ya unajisi. Swali ni la haki. Katika madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini wanazuoni hao hao wanaruhusu mbwa wa kazi: wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Huko Leicester, Uingereza, mwaka 2008, viongozi wa Kiislamu walikubali kijana Mwislamu asiyeona afike msikitini na mbwa wake mwongozaji, mbwa akitengewa mahali pa kungojea nje ya sehemu ya kuswalia. Mwenye haja na jambo hili amuulize shehe wake anayemwamini.

Je, mbwa wangu wa nyumbani anaweza kusaidia?

Anaweza, kwa kiasi. Kama una mgonjwa nyumbani na unaona mbwa wako huhangaika, humfuata au hubweka kabla mgonjwa hajaanguka, usimpige. Zingatia. Andika siku na saa, uone kama ni kawaida yake. Akibweka mgonjwa akiwa chini, msifu na umpe kitu kidogo cha kula. Mbwa hurudia anachopewa tuzo.

Lakini usimwachie mbwa dhamana ya uhai wa mtu. Na usimwache karibu na mgonjwa mbwa asiyechanjwa. Kichaa cha mbwa, kikishaonyesha dalili kwa mtu, huua karibu kila mara, na karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa. Mpeleke mbwa wako kwenye chanjo kila mwaka. Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Usiye na mbwa ufanye nini?

Ukitazama vizuri kazi ya mbwa wa kifafa, utaona si uchawi. Anakaa karibu. Anaona mapema. Anaita watu. Hamkimbii mgonjwa. Mambo hayo manne binadamu anayaweza, na tena anaweza zaidi.

Mtu akianguka kifafa, fanya hivi:

– Msogeze mbali na moto, maji au barabara. Ondoa vitu vikali. Weka kanga au koti chini ya kichwa chake.
– Usimshike kwa nguvu kuzuia mtikisiko. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Kumnusisha kiatu au kitunguu hakusaidii.
– Mtikisiko ukipungua, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke nje.
– Tazama saa. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali mara moja.
– Kaa naye mpaka ajitambue. Zungumza naye taratibu.

Usiogope mate wala povu. Kifafa hakiambukizi. Watu wameungua vibaya motoni huku wenzao wamesimama pembeni, kwa sababu tu waliambiwa kwamba atakayemgusa naye atapata. Huo ni uongo unaoua.

Nyumbani, mwenye kifafa asiteke maji kisimani peke yake, asipande mnazi wala mwembe, alale kwenye kitanda kifupi au mkeka, na aoge bila kufunga mlango kwa ndani. Kama anapika, awepo mtu karibu, na moto uzungushiwe ukingo wa udongo. Zaidi ya yote, anywe dawa kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Hakuna mbwa mwenye uwezo huo. Vidonge vinao. Visisimamishwe bila daktari, hata kama mgonjwa hajaanguka kwa miezi.

Kwa mwenye kisukari anayetokwa jasho, kutetemeka au kuongea ovyo, kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji kidogo, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Kama amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na kimbilieni kituo cha afya. Kama hujui sukari imepanda au imeshuka, na ana fahamu, mpe sukari: iliyoshuka huua haraka kuliko iliyopanda. Na usiku, mwenye kuchoma insulini asilale bila kula.

Kabla hujaweka simu chini, chagua mtu mmoja katika nyumba yako au jirani mwenye kifafa au kisukari. Mweleze yeye na watoto wa nyumba hiyo hatua hizi, na mkubaliane nani ataitwa na kwa namba gani. Mtoto wa miaka minane anaweza kumgeuza mama yake ubavu na kukimbia kuita jirani, ilimradi amefundishwa.